Nyumba Kwenye Pazia la Kaleli

Ruiru, shamba la kahawa
Jumapili, 12 Juni 1955

Mjomba wangu Zacharia,

Pokea salamu za nyumba hii nzima, wewe na mama Ndila na watoto. Sisi tuko wazima wa mwili. Mume wangu Wainaina bado anaendesha trekta ya bwana shamba, na kelele zake zimemharibia masikio, siku hizi hata akiniomba chumvi utadhani tunagombana. Wanangu wawili hawajambo. Mama, dada yako, anakula ukimlazimisha. Ule mlango wa jikoni aliokuja nao kutoka Kalimoni, kabla nyumba zetu hazijabomolewa watu wahamishiwe kijiji kipya, bado umeegemea ukuta wangu. Chumba chenyewe ni kimoja, tunaupita kwa ubavu, na hataki uguswe.

Usishangae kuona nakuandikia Kiswahili kama karani. Barua ya Kikikuyu inakaa ofisini mpaka apatikane mtu wa kuisoma. Hii wataisoma upesi, waone ni mambo ya nyumbani, waifunge tena. Kwa treni safari haifiki saa moja kutoka hapa hadi kwako, lakini tangu serikali itangaze hali ya hatari sisi Wakikuyu hatusafiri bila kibali, nami nimenyimwa mara tatu. Ndiyo maana ndugu yangu Muigai alizikwa mimi na mama hatupo. Wewe ulimzika peke yako, na kwa hilo nakushukuru.

Sasa nisikilize. Nina mimba, nitajifungua mwanzoni mwa Desemba. Mtoto wa kwanza tulimpa jina la baba yake Wainaina, wa pili jina la baba yetu. Huyu wa tatu akiwa mvulana, unajua mwenyewe, zamu ni ya Ephantus, mdogo wake Wainaina anayekaa kwao karibu na Juja. Mimi nataka jina liwe la Muigai. Hakuoa, hakuacha mtoto. Nikingoja zamu ya upande wetu ifike, pengine nisizae tena, na jina lake liishie hapo kaburini.

Wainaina amekubali. Ephantus ndiye mwenye zamu, na hajakataa, ila ameuliza jambo moja: huyo kijana alikufaje? Kwao mtoto hapewi jina la mtu ambaye kifo chake hakisemwi. Barua yako ya Aprili ilikuwa na mistari minne. Niandikie yote, mjomba.

Ni mimi mpwa wako,
Ngendo


Thika, Eneo la Viwanda
30 Julai 1955

Mpwa wangu Ngendo,

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa vibaya, kama bahasha iliyofungwa na mtu mwenye njaa. Sisi tunaendelea. Goti langu la kushoto linanijulisha mvua kabla ya mawingu. Kiwandani msimu wa mananasi umekolea na stoo yangu imejaa mikebe mpaka dirishani. Mama Ndila anakusalimu, na amefurahi sana kwa habari ya mimba yako.

Kuhusu Muigai, nilikuandikia kwamba alishikwa na kichomi, na kichomi ndicho kilichomuua. Alilazwa tarehe kumi na tisa Aprili, akafariki Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Daktari alifanya aliloweza. Mvua za mwaka huu zilikuwa mbaya. Mwambie Ephantus hivyo.

Lakini kama unataka kumkumbuka, nitakusaidia, maana mimi pia sipati wa kuzungumza naye habari zake. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, nikamtafutia kazi stoo. Mkaguzi alipokuja, alikuta ukutani picha yake yeye mkaguzi, imechorwa kwa mkaa, tumbo na yote. Kazi ikaisha siku hiyo. Nilimkasirikia wiki nzima, kisha nikawa nakwenda kuitazama ile picha nikiwa peke yangu. Akaanza kuandika vibao vya maduka. Mikono yake ilikuwa myeusi wakati wote, ndiyo maana vijana wa hapa wakamwita Makara, yaani makaa. Boaz mwenye bucha alimwomba amchoree fahali juu ya mlango. Muigai akamchora fahali mwenye macho ya Boaz mwenyewe, yale yanayotazama kando kama anayedaiwa. Mji mzima ulicheka isipokuwa Boaz, ambaye mpaka leo anajivunia kibao chake. Nikipita pale napunguza mwendo.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa akimchorea Kaleli, yule Mkamba mpiga picha, mapazia ya kuweka nyuma ya watu. Alichora maua, ngazi, na gari ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelipanda.

Mengine yaache, mwanangu. Kuchimba hakumrudishi mtu. Kwani huyo Ephantus anafanya kazi gani siku hizi, hata awe na nafasi ya kuuliza maswali?

Mjomba wako,
Zacharia


Ruiru
4 Septemba 1955

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama Ndila. Hapa watoto walipata surua, wakapona. Tumbo langu limekuwa kubwa hata nyapara ameniacha nikae mezani kuchambua kahawa, sichumi tena. Mama alicheka kidogo niliposoma habari ya fahali wa Boaz. Alicheka, akaenda akakaa karibu na mlango wake.

Nina jambo limenisumbua. Awiti, mwanamke wa Kijaluo tunayechambua naye kahawa, alikwenda Thika kwa Kaleli kupigwa picha ya kumpelekea mume wake aliyeko Mombasa. Yeye hahitaji kibali kama sisi. Akaniletea niione. Amevaa gauni la maua, amesimama amenyooka, na nyuma yake kuna nyumba yetu.

Mjomba, si nyumba inayofanana na yetu. Ni yetu ya Kalimoni. Kuna ghala lililoinama upande wa mwembe, kuna jiwe ambalo baba alikuwa akinolea panga, kuna jikoni kwa mama. Nikasema ni kweli, Muigai alikuwa na kumbukumbu. Kisha nikaona jikoni haina mlango. Ni uwazi mtupu, na ndani giza.

Mama aliung'oa mlango ule kwa mikono yake Jumatatu, tarehe nne Aprili, akaubeba mgongoni mpaka kwangu. Jumatano nyumba ikabomolewa. Tangu baba alipoijenga jikoni ile, haikukaa bila mlango ila siku hizo. Na Jumanne hapakuwa na mtu pale, kwa hiyo mwenye kuichora hivyo aliiona kwa macho yake. Na wewe, katika ile mistari minne ya Aprili, uliniandikia kwamba Muigai hakutoka Thika mwaka huu.

Alitoka vipi? Alipita wapi? Ephantus ameniuliza tena jibu, na neno kichomi halikumtosha. Mimi pia halinitoshi.

Ngendo


Thika
21 Septemba 1955

Ngendo,

Salamu. Sisi wazima.

Pazia ni kitambaa na rangi. Muigai aliijua nyumba yenu tangu alipozaliwa, angeweza kuichora amefumba macho. Kama alisahau mlango, basi alisahau mlango.

Mama Ndila anakutumia fulana mbili za mtoto alizofuma mwenyewe. Moja ina mkono mrefu kuliko mwenzake, usimwambie.

Mambo ya Aprili usiniulize tena. Kama jina haliwezekani, mwache Ephantus achukue zamu yake.

Mjomba wako,
Zacharia


Ruiru
23 Oktoba 1955

Mjomba Zacharia,

Fulana zimefika. Mwambie mama Ndila zimempendeza kila mtu, na huo mkono mrefu nitaukunja.

Nilikasirika, nikaandika barua nne za kukujibu, nikazichoma zote. Halafu nikajiuliza kwa nini nakuuliza wewe maswali na mimi mwenyewe kuna jambo nimelikalia tangu Aprili. Acha nilitoe kabla mtoto hajaja, maana naogopa kuzaa nikiwa nalo.

Mimi ndiye niliyemwita Muigai. Mwishoni mwa Machi, tulipoambiwa nyumba zitabomolewa kabla ya Pasaka, mama aliacha kulala na kuacha kusema. Alikuwa anazunguka boma anashika vitu. Nikampa Awiti karatasi, akampelekea Muigai huko Thika. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Nyumba inakwenda. Kama mkono wako una faida, njoo umchoree mama kabla haijaanguka." Kama mkono wako una faida! Nilimchokoza, mjomba. Nilimjua, ukimchokoza hawezi kukaa. Sikusikia jibu, nikadhani amenipuuza, nikamnunia. Nilikuwa bado nimemnunia siku ilipofika barua yako ya kusema amekufa.

Kwa hiyo kama alipata kichomi njiani, ni mimi niliyemtia njiani. Sasa unajua. Kama ulikuwa unanifichia ili nisiumie, umechelewa, nimeshaumia. Na kama unaficha kwa sababu nyingine, mimi si mtu wa kukuhukumu.

Mtoto anapiga teke kama mtu anayetafuta njia ya kutoka. Imebaki wiki sita.

Mpwa wako,
Ngendo


Thika
6 Novemba 1955

Ngendo mwanangu,

Salamu zangu ni fupi leo. Tuko wazima wote. Nimetoka kanisani nikakaa mezani, na nitaandika mpaka mwisho nisije nikabadili nia.

Sikujua kwamba ulimwita. Hakuniambia. Alikuja kwangu siku ya Ijumaa, tarehe mosi Aprili, akasema anataka kwenda Kalimoni kuchora nyumba. Nilicheka. Nikamwambia hana kibali, na hakuna ofisi itakayompa mtu kibali cha kwenda kuchora. Akasema atakwenda na pasi yake ya utambulisho tu, akifika kwenye kizuizi cha daraja la Ndarugu atazungumza nao. Hapo nikaogopa sana. Nimeona vijana waliozungumza nao kwenye madaraja. Wengine bado hatujui walipelekwa wapi.

Basi nilifanya nililoona ni la busara. Alipotundika koti lake, nikachukua pasi yake mfukoni, nikaifungia ndani ya sanduku langu, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Nikamwambia, "Sasa enda tukuone." Nilijua hakuna mtu mwenye akili atakayekaribia lile daraja bila pasi. Na hakulikaribia. Nilijivunia ujanja wangu kwa siku tatu nzima.

Jumanne aliondoka asubuhi kama anayekwenda kwa Kaleli. Alikwenda kwa miguu akipita mashamba ya katani, akashuka mtoni mbali na daraja, akavuka kwa kuogelea. Mto ulikuwa umejaa, umekuwa mwekundu. Karatasi zake alizifunga kwa kitambaa cha mpira akazibeba kichwani kwa kamba ya katani. Akachora nyumba, akarudi njia ile ile, akavuka tena. Alirudi kwangu jioni, jua halijazama, amelowa mpaka mifupani na meno yanagongana. Akanionyesha michoro. Halikuingia hata tone. Akasema, "Mjomba, mama ameondoka na mlango." Hakunilaumu. Hata pasi hakuiulizia.

Siku iliyofuata alianza kukohoa. Nikamwambia apumzike, akasema rangi ya Kaleli itakauka. Siku ya Pasaka hakuja kanisani, alikuwa anapaka lile pazia. Kaleli anasema alikuwa anashikilia ukuta kwa mkono mmoja na kupaka kwa mkono mwingine. Alilimaliza tarehe kumi na sita. Alitaka likishakauka wewe na mama mpigwe picha mbele yake, siku mtakapopata kibali.

Hospitali waliuliza pasi yake ili waandike jina. Ndipo nikafungua sanduku. Yeye alikuwa macho, ameniona nikiitoa. Akageuza uso ukutani. Sijui kama ni kwa maumivu au kwa sababu yangu, na kila siku nachagua moja, kisha naiacha.

Aliogopa daraja kwa sababu mimi nilimfanya aliogope. Mwambie Ephantus. Mwambie na dada yangu, mimi sina mdomo wa kumwambia. Kama hamtaki tena nijiite mjomba wa mtoto huyo, nitaelewa.

Zacharia


Ruiru
Jumapili, 15 Januari 1956

Mjomba wangu Zacharia,

Barua yako ya Novemba imenifikia siku mbili kabla ya Krismasi, ina mihuri miwili ya ofisi. Usidhani nilikaa kimya kwa kusudi.

Kwanza habari njema. Nilijifungua tarehe tatu Desemba, mvulana, mkubwa, mwenye sauti ya kushindana na trekta. Alikaa wiki tatu bila jina, tukimwita mgeni.

Nitasema ukweli, nilikukasirikia. Siku mbili nzima sikuweza kutaja jina lako. Kisha nikakumbuka bado kuna kitu sijakuambia. Uliniuliza Ephantus anafanya kazi gani, mimi nikajifanya sikuona swali. Ephantus ni hom gadi, askari wa serikali wa kulinda vijiji na madaraja. Alijiunga mwaka juzi mwishoni. Niliona aibu, mjomba. Wewe ungesema nini, na Muigai angesema nini, kwamba nimeolewa kwa watu wa namna hiyo? Nikanyamaza. Kwetu hakuna mtu niliyemwambia, wala Muigai nilipomwita sikumwandikia. Na kizuizi ambacho Ephantus alikuwa akikilinda mwezi wa Aprili ni cha daraja la Ndarugu.

Alikuja siku ya Krismasi. Nikamsomea barua yako, yote, mbele ya Wainaina na mama. Nilipofika kwenye mto alivua kofia. Nilipomaliza aliigeuzageuza ile kofia mikononi. Kisha akasema hivi: "Hiyo Jumanne nilikuwa hapo. Nilikuwa nimekaa chini ya bati peke yangu, mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mtu alikuwa anapita. Si angekuja tu! Kijana wa kwa kina Ngendo, ndugu ya shemeji yangu? Ningemfungulia. Ningempatia hata koti."

Mimi nililia mpaka maziwa yakakauka siku nzima. Neno moja, mjomba. Ningeliandika kwenye ile karatasi, "shemeji yako yuko darajani," angepita akiwa mkavu. Sasa hesabu mwenyewe kama una haki ya kujilaumu peke yako. Sikuachii hata nusu.

Mama alisikiliza yote bila kulia. Aliuliza swali moja tu, kama karatasi zilifika kavu. Nikamwambia halikuingia hata tone. Akasema, "Basi alifanya alichoenda kufanya."

Ephantus aliposimama kuondoka aliniomba ampakate mtoto. Akamtazama sana, akamwambia, "Wewe ni Muigai. Mimi nitangoja mwingine." Padre amembatiza wiki iliyopita. Na kwa kuwa mwenye jina huchukua na lakabu ya aliyeitiwa, watoto wa hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, wanamwita Makara, ingawa mikono yake ni myeupe kama unga.

Vibali vya mama na mimi alivitafuta Ephantus mwenyewe. Alhamisi iliyopita tulikuja Thika. Tulikutumia habari kiwandani, tukakungoja kwa Kaleli tangu saa nne mpaka saa saba. Kaleli alituambia amekuona ng'ambo ya barabara, umesimama chini ya fahali wa Boaz, umeshika kofia, kisha umeondoka. Mama alisikia. Akasema nikuandikie maneno yake hivi yalivyo: "Mwambie Zacharia mtoto wangu alikula kwake miaka mitatu. Sina ndugu mwingine. Na hiyo habari ya sanduku anataka kuniambia, aniambie akiwa amekaa mbele yangu, si kwa karatasi."

Kibali changu kingine kitakuwa mwezi wa Machi. Siku hiyo usivuke barabara kwenda upande mwingine.

Nimekuwekea picha humu. Mimi ndiye niliyekaa na mtoto. Kile kiti kitupu ni chako, Kaleli alitaka kukiondoa tukamkataza. Utaona mama amesimama kando kabisa, karibu atoke nje ya picha, bega moja limekatwa. Si kosa la Kaleli. Alimwambia mara tatu, "Mama, songa katikati, mwili wote uonekane." Mama alikuwa amegeuka anatazama pazia, amelishika kwa vidole, pale penye jikoni isiyo na mlango. Kisha akasogea kando na kusimama hapo hapo, akakataa kutoka.

Alisema pale katikati ni mlangoni, na hawezi kumzibia mtoto wake njia ya kuingia.

Mpwa wako,
Ngendo